Aluoch, Msomaji wa Maganda

Aluoch binti Ojwang hasamehi, na hajawahi kujifanya kwamba anasamehe. Kanisani kwao Chepseon, waumini wanapofika kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, yeye hufunga mdomo, akawangoja wapite, kisha akajiunga nao mbele kidogo. Mchungaji amemwona mara nyingi na ameacha kumwuliza. Ukimwuliza wewe, atakuambia kwamba kumdanganya Mungu ni kosa kubwa kuliko kuwa na kinyongo, na kwamba kinyongo chake anakijua vizuri, anajua kinakaa nyumba gani na kinaendesha gari gani.

Kinyongo hicho kinaitwa Clifford Chepyegon, mzee wa kanisa hilohilo, anayekaa benchi la pili kutoka mbele na kuimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lakini tumweke kando kwanza, maana Aluoch alikuwa mtu kamili kabla ya kumjua. Alizaliwa kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai huko Kericho. Babake, Ojwang, alikuwa ametoka upande wa ziwa kuja kutengeneza mashine za kukausha majani, na alikuwa mtu asiyeamini kwamba kuna chuma cha wanaume na chuma cha wanawake. Alipofika miaka ishirini Aluoch alikuwa anachonga chuma kwenye mashine ya karakana vizuri kuliko vijana walioajiriwa kwa kazi hiyo. Walipomcheka aliwacheka pia, na kazi yao ilipokataliwa ndiye aliyeirudia.

Kutoka hapo alienda kwa mzee Ogada, fundi wa bunduki mjini, mwenye leseni ya kutengeneza silaha za wakulima wakubwa na za klabu ya shabaha. Ogada alimchukua kwa sababu mikono yake mwenyewe ilikuwa imeanza kutetemeka. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwaka mzima hakumruhusu kugusa bunduki hata moja. Alimpa mkebe uliojaa maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, akamwambia aseme kila ganda lilitoka kwenye bunduki yenye ugonjwa gani, kama daktari anavyoletewa mkojo wa mgonjwa bila kumwona mgonjwa.

Na maganda husema. Risasi ikilipuka, ganda lake la shaba hufura na kujibana kwenye kuta za chemba, mle risasi inamokaa, na kila kovu la chemba hiyo hubaki mwilini mwake. Yako magonjwa mawili makubwa, na Ogada alikuwa mkali sana kwa mtu aliyeyachanganya. La kwanza ni mkazo. Baruti ikizidi, fataki, kile kitufe katikati ya kitako kinachogongwa na pini, hulala bapa kama nguo iliyopigwa pasi, kingo zake za mviringo zikapotea. Kitako huchapwa alama ya uso wa bolti, kile chuma cha kuvuta kinachofunga chemba kwa nyuma, na bolti yenyewe hugoma kufunguka mpaka uipige kwa kiganja.

La pili ni nafasi. Bolti ikifungwa inatakiwa kukaa karibu kabisa na kitako cha risasi. Ikibaki nyuma, hata kwa unene wa ukucha tu, ganda husukumwa nyuma kwa nguvu, huvutika, likakonda mahali pamoja juu kidogo ya kitako. Kwa nje utaona pete inayong'aa. Kwa ndani macho hayaoni kitu, ila ukiingiza waya uliokunjwa ncha na kuuvuta taratibu kwenye ukuta, utahisi unakwama kwenye mfereji mwembamba. Aluoch alitengeneza waya wake kwa spoku ya baiskeli na anautumia mpaka leo. Maganda ya magonjwa yote mawili yanaweza kupasuka, lakini kwa la kwanza unamlaumu aliyejaza baruti, na kwa la pili unamlaumu aliyeifunga bunduki. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuja kuyavuruga maisha yake.

Kwa Ogada ndiko alikomjua Kipruto, mtunzaji wa bunduki za klabu, kijana mpole kutoka kwa wakulima wa chai wa Chepseon, aliyekuwa akileta bunduki kukaguliwa na kukaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Walipooana, mamake Kipruto alilalamika kwamba ameletewa mkwe mwenye mikono ya makanika. Alinyamaza siku mkwe huyo alipomfufulia cherehani yake iliyokufa miaka minne.

Sasa tumrudie Chepyegon. Alikuwa katibu wa klabu, meneja mstaafu wa mashamba, mtu wa suti hata siku za kazi. Klabu ilikuwa na bunduki nane za zamani, zile za kuvuta bolti zilizoachwa na Waingereza. Kwa desturi yao bunduki zilifungiwa kabati moja na bolti zikafungiwa kabati jingine, ili mwizi akija aondoke na nusu tu. Kila bolti ilikuwa imechongwa ikubaliane na bunduki yake peke yake, ikapigwa nambari ya bunduki hiyo. Kipruto alizirudisha kwa nambari kila siku ya shabaha, na hakuwahi kukosea.

Asubuhi ya mashindano ya mwaka 2018, Kipruto alilala kwenye mkeka kupasha moto mtutu wa bunduki nambari 4417 kabla wageni hawajafika. Alipiga risasi tano. Ganda la sita lilikatika vipande viwili, na moto na vipande vya shaba vikarudi nyuma kupitia bolti mpaka usoni mwake. Jicho la kulia lilipotea siku hiyohiyo. La kushoto limebaki na mwanga tu, anajua mahali dirisha lilipo, basi.

Kwenye korido ya hospitali Aluoch alipewa koti la mumewe. Kipruto alikuwa na tabia ya kutia maganda mfukoni asiache takataka uwanjani, na yale matano yalikuwemo. Aliyasoma palepale kwenye benchi. Fataki zilikuwa na kingo zake za mviringo, hakuna kitako kilichochapwa. Lakini kila ganda lilikuwa na pete, na zilikuwa zinang'aa. Baruti ilikuwa sawa. Bunduki ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Wiki hiyohiyo Chepyegon aliandika ripoti ya klabu. Alisema Kipruto alijijazia risasi mwenyewe kinyume cha kanuni, akazidisha baruti. Alisema pete kwenye maganda si dalili ya kasoro ya bunduki, ni alama ya baruti iliyozidi. Bunduki yenyewe ilikatwakatwa kabla mtu yeyote hajaikagua. Aluoch alimfuata nyumbani na maganda yake matano. Alikaribishwa chai, akasikilizwa mpaka mwisho, kisha akaambiwa kwa upole kwamba mapenzi humfanya mtu aone vitu ambavyo havipo. Afadhali angefokewa. Ule upole ndio uliomchoma, na mpaka leo harufu ya chai yenye tangawizi humrudisha kwenye kiti kile.

Ogada aliandika barua ambayo haikujibiwa, kisha akaugua, kisha akafa, na Aluoch akarithi meza na leseni. Kipruto aliachishwa kazi, akarudi kwenye shamba lao dogo la chai. Huchuma kwa kupapasa, majani mawili na chipukizi, vidole vikijua kisichoonekana. Chai yake haikataliwi. Lakini kwenye kituo cha kupimia majani walimpa jina. Walimwita Baruti. Baruti amefika, mpisheni Baruti, Baruti, leo hujajaza kupita kiasi? Kipruto alikuwa anacheka nao. Aluoch alikuwa hacheki. Alitaka kitu kimoja tu duniani: Chepyegon aseme kwa kinywa chake, mbele za watu, kwamba kosa halikuwa la Kipruto. Kila alipolisema hilo nyumbani, mumewe alimwambia aachane na hayo, Mungu anaona. Naye alijibu kwamba Mungu anaona, lakini watu wa kituo cha kupimia hawajaona.

Miaka sita ikapita hivyo.

Machi mwaka huu, siku ya Jumatano, Chepyegon mwenyewe aliingia karakana ya Aluoch na bunduki begani. Klabu ilikuwa imepata mwenyekiti mpya, daktari wa meno aliyeitwa Omariba, na huyo alitangaza kwamba hakuna bunduki itakayopigwa kwenye mashindano bila cheti cha fundi mwenye leseni. Fundi wa karibu alikuwa Aluoch peke yake. Bunduki haikuwa ya klabu, ilikuwa ya Chepyegon mwenyewe, ya aina ileile, ambayo zamani ilikuwa ikilala kwenye makabati ya klabu pamoja na zile nane. Baada ya ile ajali aliichukua nyumbani na kuiacha huko. Mwaka huu alitaka kikombe kabla magoti hayajamwisha, akaitoa na kuanza mazoezi.

"Fundi, hii kitu inanipulizia moshi kwa macho," alisema, akimwaga maganda kumi mezani kutoka kwenye leso. "Angalia tu kidogo unipatie cheti. Jumamosi nataka kikombe."

Aluoch aliuliza risasi zilitoka wapi. Alijibiwa kwamba zimetoka dukani Nairobi, kwenye boksi lililofungwa, yeye si mtu wa kucheza na baruti. Akaongeza kwamba yale ya zamani yalishakwisha, sisi ni watu wa kanisa moja. Aluoch akamwambia aje Jumamosi, ataileta bunduki uwanjani mwenyewe.

Alipobaki peke yake aliwasha taa ya mezani na kuchukua ganda la kwanza. Fataki ilikuwa na kingo za mviringo. Kitako kilikuwa safi. Na juu kidogo ya kitako, pete. La pili, pete. Yote kumi. Aliingiza waya wa spoku, ukakwama mferejini, na kwenye ganda la nane ulikwama vibaya hata akasita kuuvuta. Kisha akaitoa bolti na kuigeuza asome nambari iliyopigwa kwenye mpini. Bunduki ilikuwa na nambari yake. Bolti ilikuwa na nambari nyingine, 4417.

Aliketi. Bolti ya ile bunduki iliyomtoa mumewe macho ilikuwa mikononi mwake, nzima kabisa, haina hata alama ya moto. Kwa hiyo haikuwa ndani ya 4417 siku ile. Mtu alikuwa amezichanganya bolti, na Chepyegon alikuwa ameishi na ushahidi huo ukutani kwake miaka sita bila kujisumbua kuusoma.

Shetani alimtembelea Alhamisi, na Aluoch hakumfukuza haraka. Cheti kilikuwa mezani, muhuri ulikuwa mezani. Ilikuwa ni kupiga muhuri tu. Aliutia wino, akaushika juu ya karatasi, akamwona Chepyegon amelala kwenye mkeka, shavu limebanwa kwenye mbao ya bunduki. Alilipenda wazo hilo. Nisiwafiche, alilipenda kuliko alivyopenda chakula siku hiyo. Kilichomzuia hakikuwa huruma. Ni kwamba mtu aliyepofuka akalazwa hospitali huonewa huruma na kila mtu, na mtu anayeonewa huruma haulizwi kitu. Yeye hakutaka jicho la Chepyegon. Alitaka mdomo wake.

Jumamosi uwanja ulikuwa umejaa, magari yamepangwa hadi kwenye ua wa chai. Aluoch alifika na bunduki ikiwa kwenye ala yake na karatasi moja mfukoni. Daktari Omariba alimwuliza cheti kiko wapi. Alisema atakitoa, ila kwanza angependa kusoma maneno machache, na Omariba, ambaye hakujua lolote la mwaka 2018, akawanyamazisha watu.

Hakusoma maneno yake. Alisoma ya Chepyegon, ile ripoti, neno kwa neno. Kwamba pete kwenye ganda si dalili ya kasoro ya bunduki. Kwamba ni alama ya baruti iliyozidishwa na mpigaji. Kisha akayapitisha yale maganda kumi kwa walio mbele, kila mtu akaiona pete.

"Haya ni ya Bwana Chepyegon, ya wiki hii," alisema. "Mzee, ulizidisha baruti?"

Chepyegon alisema hapana, ni risasi za dukani, kila mtu anamjua.

"Basi kwa maandishi yako bunduki ni nzima. Piga."

Watu wakacheka kidogo, maana walidhani ni utani wa fundi. Chepyegon naye alicheka. Alilala kwenye mkeka, akaingiza risasi, akasukuma bolti, akaishusha. Aluoch alisimama hatua nne nyuma yake. Alijua ukuta wa shaba ungeweza kuvumilia mara nyingine, au usivumilie. Alijua pia kwamba mkono wake ulikuwa ubavuni na haukuwa unasogea. Angemzuia? Mpaka leo hajui, na anayemwambia kwamba bila shaka angemzuia anamsifu bure.

Kidole cha Chepyegon kilifika kwenye kifyatulio kikatoka. Kikarudi kikatoka tena. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, na kule Kericho Machi asubuhi hakuna joto la kumtoa mtu jasho. Hatimaye aliinua uso kutoka kwenye mbao.

"Siwezi."

Omariba alimwuliza kwa nini. Aliitazama bolti. Aluoch akamwuliza swali hilohilo, polepole, kama mtu anayemwuliza mtoto mahali anapoumwa.

"Itanipasukia," Chepyegon alisema. "Hii bolti si yake."

"Na ya Kipruto?"

Alikaa kwenye mkeka, suti imejaa majani.

"Ya Kipruto pia haikuwa yake. Zilichanganyika."

Likishatoka la kwanza, mengine hayahitaji kuvutwa. Siku moja kabla ya ajali, alisema, Kipruto akiwa mapumzikoni, yeye aliwaagiza watu wa jikoni waoshe bolti zote kwenye beseni moja la mafuta taa, zing'ae kwa ajili ya wageni. Zilirudishwa kabatini hovyo. Asubuhi Kipruto alimwambia nambari hazilingani, akaomba saa moja azipange. Wageni walikuwa wameshafika barabarani. Yeye akamwambia bolti ni bolti, alale apige.

Aluoch alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Kipruto alikuwa ameomba saa moja. Alikuwa amejua anapolala kwenye mkeka ule, na katika miaka sita hakuwahi kumwambia mkewe.

Omariba aliyaandika yote, Chepyegon akatia sahihi, wanachama sita wakashuhudia. Aluoch aliitoa ile risasi chembani, akaifunga bolti kwenye kitambaa, akaandika kwenye cheti kwamba bunduki hairuhusiwi. Kisha akataja sharti lake. Jumatatu, wakati wa kupima majani, Chepyegon atasimama kwenye kituo cha Chepseon na kuisoma karatasi hiyo mwenyewe, kwa sauti ileile anayoimbia kanisani. Chepyegon alikubali kwa kichwa. Alionekana mzee ghafla, na Aluoch alimtazama mpaka akatosheka.

Alifika nyumbani mvua ya alasiri ikianza. Kipruto alikuwa barazani, kikapu cha majani kati ya magoti, akitoa yaliyokomaa kwa vidole. Aliketi karibu naye akamsomea karatasi yote. Alimsimulia jinsi watu walivyonyamaza, jinsi kidole kilivyokuwa kinakwenda na kurudi. Akamwambia kwamba kuanzia Jumatatu atakayemwita Baruti atakuwa na kesi na yeye. Alitarajia machozi, au ile kongoi yake ya taratibu, asante ya kwao, au aambiwe tena kwamba Mungu anaona.

Kipruto aliendelea kuchambua majani.

"Kwa nini hukuniambia kama ulimwonya?" Aluoch aliuliza.

"Ningekuambia, ungeenda kumuua. Nilikuwa nimepoteza macho. Sikutaka kukupoteza na wewe."

Mvua ilikuwa imezidi juu ya mabati na ilibidi Aluoch amsogelee ili amsikie.

"Alilala kwa mkeka?"

"Alilala."

"Akaweka risasi ndani? Akafunga bolti?"

"Akafunga."

Vidole vya Kipruto vilisimama kwenye majani. Huyu ndiye aliyekuwa akisali ile sala ya kuwasamehe waliotukosea kila Jumapili bila kuruka neno, huku mkewe akiwa amefunga mdomo pembeni yake.

"Bora ungemwacha apige," alisema.